Ghuba ya Mwanza na Ufukwe Usiotulia

Ziwa Victoria halina bamvua wala maji mafu. Mwezi unaoiamuru bahari ya Tanga na Unguja kupwa na kujaa mara mbili kwa siku hauna amri inayoonekana Kirumba wala Nyegezi. Kwa sababu hiyo, waliolichora ziwa hili katika ramani, na baadaye waliolitungia sheria, wameuchukulia ufukwe wake kuwa mstari: huku maji, huku nchi kavu. Makala haya yanadai kwamba dhana hiyo si sahihi, kwamba imetugharimu kwa zaidi ya karne moja, na kwamba sehemu kubwa ya gharama hiyo huenda bado iko mbele yetu.

Ukweli ni kwamba ziwa nalo hupwa na kujaa, ila saa yake ni nyingine. Upepo unaovuma kwa siku kadhaa hulisukuma tabaka la juu la maji upande mmoja. Ukitulia, maji hurudi kwa kuyumbayumba, na ghuba nyembamba huyapokea na kuyatoa kama mtu anayevuta pumzi. Juu ya mwendo huo mdogo kuna mwendo wa miaka. Kati ya 1961 na 1964, mvua kubwa zilizoandamana na uhuru wa Tanganyika zililipandisha ziwa zima kwa takriban mita 2.5. Mwaka 2006 lilishuka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miongo mingi, kwa sababu ya ukame na kwa sababu maji mengi mno yaliachiliwa katika mabwawa ya umeme ya Jinja. Mei 2020 likapanda tena na kuivuka rekodi ya 1964. Mahali ambapo nchi huteremka polepole kuelekea majini, tofauti ya mita moja ya kina ni tofauti ya mamia ya mita za ardhi. Shamba la mwaka 2006 likawa maji mwaka 2020, na nyumba iliyojengwa katikati ya miaka hiyo ikaingiliwa sebuleni. Hapo ziwa halikuvamia makazi ya mtu yeyote. Lilirudi kwenye ardhi yake ya zamani.

Ghuba na ukanda wake

Ghuba ya Mwanza ni mkono wa maji wenye urefu wa kilomita 60 hivi, unaoingia kusini kutoka ziwa kuu, na upana wake kwa sehemu nyingi ni wa kilomita chache tu. Wasafiri wa Geita na Sengerema wanaufahamu kwa vivuko vya Kamanga na Busisi, na sasa kwa daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lililozinduliwa Juni 2025. Upande wa kaskazini, jirani na mji, ufukwe ni wa mawe ya matale yaliyopangana kama vile yaliwekwa kwa mkono. Kadiri mtu anavyokwenda kusini, kina hupungua, maji hubadilika rangi, na mawe huyapisha mafunjo na matete, hadi mwisho wa ghuba ambako Mto Magogo–Moame na vijito vya mbugani huleta maji ya Usukuma.

Ukanda huo wa mafunjo ndio kiini cha hoja yangu. Maji ya mto yanapoingia humo hupunguza kasi, tope hutuama, virutubisho vilivyotoka mashambani na vyooni hunywewa na mizizi kabla ya kufika kwenye maji ya wazi. Ndani ya kivuli cha mafunjo oksijeni huwa haba. Kambare na kamongo hawajali, kwa kuwa huweza kuvuta hewa ya juu. Baadhi ya furu wadogo nao huvumilia. Lakini sangara, ambaye anahitaji oksijeni nyingi, hawezi kuwafuata humo. Kwa lugha ya kiserikali tungesema kwamba ukanda huu ni mtambo wa kusafisha maji, ni kitalu cha samaki na ni kimbilio la wanyonge, na vyote hivyo vinaendeshwa bila mshahara. Pengine ndiyo sababu haujawahi kuandikwa katika bajeti yoyote.

Macho yaliyotazama mbali

John Hanning Speke alifika Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, akitokea Kaze, karibu na Tabora ya leo, ambako alimwacha mwenzake Richard Burton akiugua. Alikaa siku chache tu, akaona sehemu ndogo ya ziwa, akalipa jina la malkia wake na kutangaza kwamba hapo ndipo Mto Nile unapoanzia. Alikuwa sahihi, ingawa Burton alimbishia, na ilibidi Henry Morton Stanley alizunguke ziwa lote mwaka 1875 ndipo ubishi upungue. Ghuba yenyewe ikaingia katika ramani za Kizungu kwa jina la Smith Sound, jina ambalo halikumhusu mvuvi yeyote wa Kisukuma, Kizinza wala Kikerewe.

Jambo la kuzingatia katika kisa hiki ni mwelekeo wa macho. Tangu siku hiyo, thamani ya ziwa ilihesabiwa kwa mtu aliye mbali, chini ya mto. Makubaliano ya 1929 kati ya Uingereza na Misri yalizuia kazi yoyote katika Nile na maziwa yake ambayo ingepunguza maji ya Misri, isipokuwa kwa ridhaa yake. Bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa Jinja mwaka 1954, liliufanya mlango pekee wa kutokea maji ya ziwa uwe kitu cha kufunguliwa na kufungwa na binadamu. Katika hesabu hizo kina cha ziwa kilikuwa tarakimu kwenye kipimo cha Jinja. Namna kina hicho kinavyoyagusa mafunjo ya Misungwi au mazalia ya Sengerema haikuwa na safu katika daftari.

Serikali ya Tanganyika ilikataa kurithi makubaliano hayo. Mwaka 1962, kwa kufuata msimamo wa Mwalimu Nyerere, ilitangaza kwamba nchi huru haifungwi na mkataba uliowekwa na mkoloni bila wananchi kushauriwa. Matunda ya msimamo huo yalichelewa, lakini yalifika. Kutoka Ihelele wilayani Misungwi, kando ya ghuba hii hii, bomba kubwa lilijengwa kupeleka maji Shinyanga na Kahama, na likazinduliwa mwaka 2009. Baadaye maji hayo yakasogezwa hadi mkoa wa Tabora. Ndugu msomaji uliye Kahama au Nzega, ghuba ninayoizungumzia iko ndani ya ndoo yako.

Kutoka migono hadi viwanda

Kabla ya nyavu za kununua, uvuvi wa ukanda huu ulifuata majira ya maji. Watu waliweka migono na vizuizi midomoni mwa mito wakati ningu walipopanda kwenda kutaga, na walivua ngege kwenye maji ya kina kifupi. Nyavu za kuzamisha ziliingia ziwani mwaka 1905 kupitia ghuba ya Kavirondo, upande wa Kenya. Zilivua vizuri mno. Kufikia miaka ya 1920 ngege walikuwa wakipungua, na serikali za kikoloni zikamtuma Michael Graham kufanya uchunguzi wa kwanza wa kisayansi wa ziwa zima, mwaka 1927 na 1928. Alipendekeza macho ya nyavu yasiwe chini ya inchi 5, na ziwa liwe na mamlaka moja ya kulisimamia. Pendekezo la kwanza lilishikwa kwa muda kisha likaachwa. Kuhusu la pili, mwaka 1994 Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini mkataba wa kuanzisha Taasisi ya Uvuvi ya Ziwa Victoria.

Maofisa walipoona samaki wakubwa wanapungua, hawakurudi kwenye ufukwe kuuliza mazalia yamepatwa na nini. Walitafuta samaki mwingine. Sangara aliletwa kutoka Ziwa Albert kuanzia miaka ya 1950, na upandikizaji rasmi ukafanyika mwaka 1962 na 1963. Mwanabiolojia Geoffrey Fryer, aliyewahi kufanya kazi katika kituo cha utafiti cha Jinja, alionya kwa maandishi mwaka 1960 kwamba mla samaki mkubwa namna hiyo angeleta madhara yasiyoweza kurekebishwa. Uamuzi ulifanyika kaskazini mwa ziwa, lakini samaki hana hati ya kusafiria.

Kwa miaka ishirini ghuba ya Mwanza ilionekana salama. Katika miaka ya 1970 mipango ya maendeleo iliwatazama furu, samaki wadogo wenye miiba waliokuwa wengi kuliko wote, ikawaona kuwa ni mali isiyotumika. Meli za kukokota nyavu zikaanza kazi, na kiwanda kikajengwa Nyegezi kuwasaga furu kuwa chakula cha kuku. Watafiti wa Kiholanzi kutoka Leiden, waliofika Mwanza mwaka 1977, walikuta aina nyingi za furu ambazo sayansi haikuwa imezipa hata majina. Walikuwa bado wanaziorodhesha pale sangara alipofumuka ghubani, katikati ya miaka ya 1980. Ndani ya miaka michache furu wa maji ya wazi walikuwa karibu wametoweka. Inakadiriwa kwamba ziwa zima lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, na kwamba karibu 200 kati yake hazionekani tena.

Lazima tuwe waadilifu hapa. Sangara alileta viwanda, ajira, fedha za kigeni na barabara. Alileta pia utegemezi: Ulaya ilipozuia samaki wetu kwa nyakati mbalimbali kati ya 1997 na 1999, mialo yote ilitikisika. Alileta hali ambayo minofu ilipanda ndege na mapanki yakabaki kwa wenyeji, jambo lililooneshwa katika filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004 na kumkasirisha hata Rais Kikwete. Tulibishana sana kuhusu filamu hiyo: kama ilitutukana, kama ilisema kweli kuhusu ndege na silaha. Katika kelele zile hatukuuliza swali la kihistoria, yaani ni samaki gani waliookoka na waliokokea wapi.

Waliookoka

Jibu ni kwamba waliokokea ukingoni. Furu wa miambani walijificha katika nyufa za mawe ambamo sangara mkubwa hapiti. Wengine walibaki kwenye mafunjo na katika maziwa madogo yanayolizunguka ziwa kuu. Nabugabo, upande wa Uganda, ni mfano mzuri wa ziwa la namna hiyo: lilikuwa ghuba ya Victoria hadi ukuta wa mchanga ulipolitenga maelfu ya miaka iliyopita. Sangara alipandikizwa huko pia, na huko ndiko watafiti walikothibitisha kwamba mafunjo yenye oksijeni haba huwakinga samaki wadogo dhidi yake. Kwa hiyo kile ambacho mpangaji miji hukiita kinamasi kisicho na faida ndicho ghala lililotunza mbegu wakati shamba lote lilipoungua.

Lakini kimbilio la mawe lina sharti: maji yawe maangavu. Miongoni mwa furu wa miambani wa ghuba yetu kuna wawili wanaoitwa kisayansi Pundamilia pundamilia na Pundamilia nyererei. Wa pili alipewa jina hilo mwaka 1985 kwa heshima ya Mwalimu, mwaka uleule alipong'atuka urais. Dume wa mmoja ana rangi ya samawati iliyofifia, dume wa mwingine ana mgongo mwekundu, na majike huchagua kwa macho. Mtafiti Ole Seehausen na wenzake walionesha mwaka 1997 kwamba katika visiwa vya kaskazini, maji yanapopenya mwanga, aina hizi mbili hukaa jirani bila kuchanganyika. Kadiri unavyoelekea kusini ambako maji ni ya tope na mwani, jike hawezi tena kupambanua rangi, aina hizo huchanganyika, na tofauti zao hufifia. Hakuna aliyewavua na hakuna aliyewala. Wanapotea kwa sababu maji yamepoteza nuru.

Tope hilo linatoka kwetu. Linatoka kwenye miteremko ya Usukuma iliyofyekwa kwa ajili ya pamba tangu zama za ukoloni, kwenye Mto Mirongo unaokatiza katikati ya jiji ukibeba kila tunachotupa, na kwenye mabonde ambayo mafunjo yake yamekatwa au kufukiwa. Magugu maji yalipoingia ziwani karibu na mwaka 1990, kwa kiasi kikubwa kupitia Mto Kagera, tuliyaona kuwa ni adui aliyevamia. Wadudu wadogo jamii ya fukusi waliachiliwa wayale, na mwishoni mwa muongo huo yalipungua sana. Hata hivyo gugu hustawi palipo na mbolea majini. Tulishughulika na mgeni, tukaiacha meza aliyoandaliwa.

Mita 60 kutoka wapi?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa au ukingo wa mto. Ni sheria nzuri, na watumishi wengi wa umma wameilinda kwa ujasiri. Lakini historia niliyoieleza inaibua swali: mita 60 kutoka wapi? Kutoka kwenye maji ya 2006 au ya 2020? Afisa anayepima kiwanja mwaka wa ukame anaweza kuitimiza sheria kikamilifu na bado akagawa sakafu ya ziwa. Na mita 60 zilezile zinazotosha kwenye mawe ya Capri Point ni chache mno mahali ambapo ukanda wa mafunjo una upana wa nusu kilomita.

Kuna suala la haki pia. Sheria isiyo na alama ardhini hutekelezwa kwa kufuata urahisi. Ni rahisi kumng'olea mchicha mama anayelima bondeni. Ni vigumu kumzuia mwenye malori ya kifusi anayetengeneza eneo la hoteli, mwenye hati mkononi. Daraja jipya litaongeza thamani ya ardhi pande zote mbili za ghuba, na hilo ni jema kwa wananchi wa Busisi na Kigongo. Lakini thamani ya ardhi ikipanda, kifusi hufuata. Maamuzi ya miaka michache ijayo kuhusu ufukwe wa kusini yatadumu kuliko sisi sote.

Tumewahi kuhifadhi, ila kwa mtindo mmoja. Mwaka 1964 kisiwa kilicho karibu kabisa na mji kilifanywa bustani ya wanyama, na mkazi wake, Mzee Saanane Chawandi, akahamishwa. Kisiwa kikabaki na jina lake. Tangu 2013 ni Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, ndogo kuliko zote nchini, na safari hii mpaka wake umejumuisha na sehemu ya maji. Naiheshimu hifadhi hiyo. Lakini mtindo wa kumtoa mtu ili kutunza mahali hauwezi kutumika katika ghuba yenye jiji zima kando yake.

Usukuma una mtindo wake mwingine, nao ni ngitili. Familia au kijiji hufunga sehemu ya malisho mvua zinapoanza, nyasi zikue, kisha huifungua kiangazi kinapobana, kwa utaratibu unaojulikana na wote na adhabu inayotolewa na wenyeji wenyewe. Mfumo huo ulidhoofika wakati wa kuhamia vijijini, na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza 1986, ulifanikiwa kwa sababu uliufufua badala ya kuleta mwingine. Mamia ya maelfu ya hekta yalirudisha miti. Ngitili haimfukuzi mtu. Inampa ratiba, na inampa sababu ya kumzuia jirani.

Mafunjo yanaweza kupewa ngitili yake. Wakataji wa mafunjo, wakulima wa mabondeni na vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi katika kila mwalo wanajua sehemu gani sato huzalia na miezi gani. Wakipewa mamlaka ya kisheria ya kufunga na kufungua, na wakisimamiwa wasitoe rushwa wala kupokea, watalinda zaidi ya doria ya boti moja. Kwa upande wa serikali, alama za zege ziwekwe kufuata kiwango cha juu cha maji kilichowahi kurekodiwa, si maji ya siku ya upimaji, na ziwekwe kabla ya viwanja kugawiwa. Na mamlaka za maji zinazovuta kutoka Butimba, Capri Point na Ihelele ziandike mafunjo katika vitabu vyao kama mali ya mtambo, kwa kuwa gharama ya dawa za kusafisha maji hupanda pale yanapopungua.

Hoja ya 1962 ilikuwa kwamba mkataba usioshauri wananchi hauwafungi. Hoja hiyo ilitupatia haki ya kuyachota maji ya ghuba hii. Haijatupatia bado mkataba kati yetu wenyewe: kati ya anayefukia Mwanza na anayekunywa Kahama, kati ya afisa ardhi wa leo na ziwa litakalopanda tena. Vikao vya mipango miji ni vya wazi kisheria, na rasimu za mipango hutakiwa kubandikwa ili wananchi watoe maoni. Wanafunzi wangu wamekuwa wakiniuliza waanzie wapi. Waanzie hapo, wakiwa na ramani ya 1964 mkononi.